Kupasha Vidole Moto

Kioo cha kompyuta ya jirani kilikuwa kinaandika chenyewe.

Nilikuwa nimeinama juu ya bega la katibu mmoja wa tawi, mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, namwonyesha namna ya kuanza barua katika programu iliyobadilishwa. Niliandika "Kwa Mkurugenzi" kwa kidole kimoja, taratibu, ili darasa linifuate. Na pembeni, kwenye mashine ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa, yakaanza kutokea maneno yaleyale, K, w, a. Nikasita, nayo ikasita. Nikakosea kwa makusudi, nikafuta. Kule kosa likatokea, kisha likafutika.

Niliuliza imekuwaje. Katibu mwenye miwani alitabasamu, akidhani nampima kama walimu wanavyopima wanafunzi wao.

"Si ndiyo faida yake, Mwalimu? Ukurasa ukiwa wa wote, kila aliyeufungua anaona unachoandika palepale. Hata unachofuta, anakisoma kabla hujakifuta."

Wenzake wakatikisa vichwa. Walikuwa wanajua. Watu waliosafiri kutoka matawini kuja kufundishwa na mimi, walikuwa wanajua. Nyuma ya chumba, dada wa mapokezi alikuwa anatumiminia chai. Mkono wake ulisimama kidogo, birika likiwa limeinama, kisha ukaendelea. Hakuinua macho. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ofisi yetu ilikuwa imepoteza kicheko.

Wahenga walisema aliyevuliwa nguo huchutama. Maneno mazuri, lakini wahenga hawakusema mtu achutame wapi akivuliwa mbele ya darasa, ameshika kalamu ya ubao, na chai inamiminwa.

*

Ofisini waliniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kushika chaki. Jina nililipata kwa sababu kompyuta zilipoingia, mimi ndiye niliyemkalisha kila mmoja wao mbele ya mashine na kumshika mkono. Mhasibu, ambaye aliogopa kuigusa asije akaiunguza, nilimfundisha mimi. Bosi mwenyewe nilimfundisha, mlango umefungwa ili asionekane. Nilikuwa nawaambia wote kuuliza si ujinga. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa wewe ndiye unayeulizwa.

Programu ile ya kuandikia niliijua kama ninavyolijua jiko langu. Mkono ulikwenda kwenye chumvi bila macho kusaidia. Nilijua kitufe cha jedwali kiko wapi, cha kuprinti kiko wapi, na nilikuwa naweza kumwelekeza mtu kwa simu huku nakunja barua za siku. Halafu Ijumaa moja fundi wa kompyuta akaja na vifaa vyake, akatuambia tuende nyumbani mapema, na Jumatatu tukakuta nyumba imehamishwa vyombo. Pale palipokuwa na maneno paliwekwa vipicha. Kitufe cha kuhifadhi, rafiki yangu wa miaka yote, hakikuwepo. Fundi alisema sasa inajihifadhi yenyewe. Nilimwuliza itajuaje kama nimemaliza. Watu wakacheka, wakadhani nimetoa utani. Nikacheka nao.

Fundi alitukusanya akatueleza mabadiliko. Nilikaa mbele kabisa, kwenye kiti cha mtu anayejua, nikatikisa kichwa kama mjusi kwa kila alichosema. Alizungumza kuhusu kurasa za pamoja. Alizungumza kuhusu viduara vya rangi vinavyotokea juu, upande wa kulia, kila kimoja na herufi yake. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio, ila akili yangu yote ilikuwa inashughulika na shingo. Nilitaka nionekane mtu anayekumbushwa, si mtu anayefundishwa. Viduara vile nikaja kuviona kila asubuhi, nikavichukulia ni mapambo tu, kama shanga.

Tulipotoka, Bosi alinishika mkono kwenye ukumbi. Aliniambia makatibu wa matawi wataitwa waje wafundishwe, na kwamba haoni sababu ya kumlipa fundi wakati tunaye Mwalimu. Kisha akashusha sauti, akasema kile cheo cha msimamizi wa makatibu wote bado hakina mtu, na mafunzo hayo ndiyo yatakayoamua.

"Hakuna shida," nilimjibu.

Nimeyafikiria sana maneno hayo mawili. Mtu anaweza kujichimbia shimo kwa maneno mawili, tena akiwa anatabasamu.

*

Sasa lazima nieleze kuhusu vidole.

Nilijifunza kupiga taipu kwa bibi mmoja mkali tuliyemwita Rula, kwa sababu ya kile alichotupigia. Rula hakuruhusu mwanafunzi aanze kazi na vidole baridi. Kabla ya yote ulitia karatasi kwenye mashine ukaandika chochote kilichomo moyoni, mbio, bila kuangalia, mpaka viungo vilainike. Usinakili kitu, alisema, maana ukinakili macho ndiyo yanayofanya kazi. Andika yako. Ukimaliza, chana karatasi. Hakuna atakayeisoma, hata mimi.

Tukaandika na kuchana. Wengine walimtukana Rula mwenyewe, tukichana tunacheka. Nilipohamia kwenye kompyuta sikuiacha desturi hiyo, ila badala ya kuchana nilifuta. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa ratiba ya siku: nani anakuja, mkutano uko chumba gani, gari linakwenda wapi. Nilifungua ukurasa wa ratiba, nikashuka chini kabisa, nikapasha vidole moto kwa lolote lililokuwa moyoni, nikafuta, ndipo nikaandika ratiba, nikaiprinti na kuibandika ubaoni. Ukurasa ulikuwa wangu mpaka nilipoubandika. Ndivyo nilivyojua mimi.

Baada ya mabadiliko, fundi aliiweka ratiba kwenye kurasa za pamoja, kila mtu aisome mezani kwake. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba ukurasa ulikuwa umekoma kuningoja nimalize. Na kwa kuwa kila kitu sasa kilinichukua muda kukitafuta, saa niliyokuwa napasha vidole ndiyo saa wenzangu walikuwa wanaketi, wanaweka mikoba chini, na kufungua ratiba.

Moyoni mwangu siku hizo mlikuwa na hofu tu, basi niliandika hofu. *Ee Mungu, jedwali limehamia wapi, nionyeshe, nisiaibike.* Nikafuta. Kabla hata ya chai, mhasibu akapita mezani kwangu na kikombe chake, akasimama kama anayeongea peke yake, akasema siku hizi jedwali limejificha kwenye kile kijialama cha kujumlisha, ajabu kweli. Akaenda zake. Nikabofya pale, nikaliona. Mungu si Athumani, nilijiambia.

Kesho yake niliandika sijui namna ya kurudisha neno nililofuta kwa bahati mbaya. Mchana, mtunza masjala, ambaye hata salamu alikuwa anaitoa kwa kipimo, akanijia eti anaomba nimthibitishie kama ule mshale uliopinda ndio unaorudisha. Nikamthibitishia kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na mshale huo. Ikawa hivyo kila siku. Niliandika shida asubuhi, na kabla ya jioni jibu lilinifuata kwa miguu yake.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Yeye ni seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Nilimwambia sala zangu siku hizi zinajibiwa kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Alitafuna kwanza, akameza.

"Mungu wako huyo," alisema, "mbona anajibu saa za kazi tu?"

Nilimkasirikia, nikamwambia ana imani haba. Aliomba maji ya kunywa, tukayaacha hapo.

*

Dada wa mapokezi tulimwita Tarumbeta, na yeye mwenyewe aliitika. Kicheko chake kilianzia chini, kikapanda ngazi, kikafika ghorofani kabla ya mgeni aliyekisababisha. Watu waliokuja na malalamiko walifika mezani kwangu wameshasahau nusu yake. Siku za mvua, ambapo ofisi nzima hununa, unakisikia tu, na mtu fulani mahali fulani naye anaanza kucheka bila kujua anacheka nini.

Alikuwa mwanafunzi wangu wa mwisho na mwepesi kuliko wote. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo sana, akalelewa kwa shangazi huyu, akahamishiwa kwa yule, kila mahali akilala sebuleni na nguo zake kwenye mfuko. Alinisimulia hayo mchana mmoja tukila, kwa sauti ya kawaida, kisha akatia kichekesho mwishoni ili nisije nikamhurumia. Kila asubuhi alinipandishia chai kabla ya kujimiminia yake. "Shikamoo Mwalimu." Marahaba, mwanangu. Ndivyo nilivyomwita, mwanangu.

Mafunzo yalipokaribia nilikuwa silali vizuri. Asubuhi moja printa ilinigomea, ratiba ikakataa kukaa kwenye ukurasa mmoja, vipicha vyote vikawa vinafanana, na kule chini Tarumbeta akaanza. Sijui kilichomchekesha. Kilipanda ngazi kama kawaida, kikanikuta nimeshika kichwa. Vidole vyangu vikashuka chini ya ukurasa na kuandika bila kungoja ruhusa yangu:

*Ee Mungu mnyamazishe huyu. Mwanamke mzima anacheka kama mtu asiye na kwao.*

Nikaisoma. Nikaona imenitoa donge. Nikafuta, nikaendelea na kazi, nikasahau. Naapa nilisahau, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Rula alitufundisha karatasi ikichanwa na maneno yamekufa.

Siku ile chai ilikuja. Shikamoo ilikuja. Ila ngazi zilikuwa kimya, na kesho yake hivyohivyo. Nilidhani anaumwa jino. Nilitaka kumwuliza, lakini nilikuwa na haraka, na tena, niseme ukweli, nilikuwa naufaidi ule ukimya. Mwisho wa wiki, kazi ilipokwenda vizuri, nilishuka chini ya ukurasa nikapasha vidole kwa shukrani: *Asante Mungu kwa utulivu huu.* Juu, upande wa kulia, viduara vilikuwa vimejipanga vyote. Kimoja kilikuwa cha zambarau. Nilikiona kikitoweka, nikadhani ni mapambo yanabadilika.

*

Darasa nililimaliza. Sijui kwa nguvu gani, ila nilimaliza, maana wenzangu walikuwa wameshanifundisha kila kitu nilichokuwa nafundisha. Nilipoonyesha jedwali nilisikia sauti ya mhasibu mdomoni mwangu. Nilipoonyesha mshale uliopinda nilimwona mtunza masjala akiomba nimthibitishie. Kila kitufe kilikuwa na mtu wake. Makatibu wakapiga makofi, Bosi akaingia mwishoni akapiga ya kwake, akanipongeza mbele ya wote kwa cheo kipya. Nikamtazama usoni. Bosi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua ratiba kila asubuhi. Ndiyo sifa yake kuu. Akakwepesha macho yake, akaanza kukagua dari.

Nilimfuata mhasibu ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamwuliza kwa nini hawakuniambia. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Siku ya kwanza tuliona haya," alisema. "Siku ya pili tukaona tumeshachelewa. Halafu tukasema, huyu ametufundisha sisi sote, acha na sisi tumfundishe bila yeye kujua."

Nikamwuliza kuhusu ile asubuhi nyingine. Alijua ninayoisema bila kumtajia. Alirudisha miwani usoni na kusema siku ile kila mtu alifunga ukurasa haraka, kana kwamba aliyefunga mwanzo ndiye ambaye hakusoma. Yeye alitoka mpaka kwenye ngazi akachungulia chini. Dada wa mapokezi alikuwa ameketi mbele ya kioo chake, mikono mapajani, anatazama mahali maneno yalipokuwa. Kisha alinyanyuka akaenda kuninyunyizia sukari kwenye chai yangu. Mhasibu alisema hivyo, kuninyunyizia, kama vile ilikuwa baraka.

Watu wote walikuwa wameniona uchi, na badala ya kunicheka walinitafutia nguo. Aibu ya kuchekwa naijua, inauma na kupoa. Hii ilikuwa nyingine. Yule mmoja niliyemvua mimi, hakuna aliyekuwa na nguo ya kumpa.

Niliteremka. Saa za kazi zilikuwa zimekwisha, alikuwa anapanga vitambulisho vya wageni kwenye kisanduku. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi kwenye ngazi, nilipofika chini nikabaki na mawili.

"Mwanangu," nilisema. "Nisamehe."

Aliendelea kupanga mpaka kisanduku kikajaa.

"Hukusema uongo, Mwalimu," alisema. Hakukuwa na hasira ndani ya sauti yake; ningeipata hasira ningeshukuru. "Ni kweli sina kwetu. Ila mimi nilikuwa nimeshapafanya hapa kwetu."

Simu ikalia. Akaipokea, akaitikia kwa ile sauti nzuri ya ofisi, akamwambia mtu wa upande wa pili kwamba tumefunga, apige kesho, karibu sana. Nilisimama pale nikingoja aweke chini. Alipoweka aliniuliza kama nitahitaji chai asubuhi, au kwa sababu ya cheo kipya nitaanza kunywa kahawa kama mabosi. Ulikuwa utani. Tulingoja wote wawili kama kicheko kitaufuata. Hakikufuata.

*

Asubuhi iliyofuata nilifungua ratiba. Viduara vikaja kimoja kimoja na kujipanga juu, cha mhasibu, cha masjala, cha Bosi, vyote. Cha zambarau, cha mapokezi, kilikuja mwisho. Sasa nilijua kusoma shanga zangu. Walikuwa wametulia, wananitazama, na mimi nilikuwa nimeweka mikono juu ya kibodi, najua kwamba neno lolote nitakaloandika litafika chini kwenye meza ile kabla sijamaliza kuliandika. Nilifikiria kuomba radhi hapo mbele ya wote, kwa kuwa nilitukana mbele ya wote. Nikaandika *Naomba*. Kiduara cha zambarau kikatoweka.

Nilielewa. Nikafuta neno, nikaandika ratiba kwa vidole baridi, imejaa makosa. Hakuna aliyepita mezani kwangu kunisahihisha.

Cheo nilikichukua, maana kukikataa kungetaka maelezo. Programu ile imebadilishwa tena na tena tangu wakati huo, na kila mara nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na kumwambia fundi sijaelewa, rudia. Watu walidhani ni unyenyekevu wa uzee. Chai ilipanda kila asubuhi mpaka nilipostaafu, na shikamoo yake, na sukari kwa kiasi changu.

Kicheko nilikisikia tena mara moja. Ilikuwa karibu na mwisho, nimerudi kutoka posta mapema kuliko nilivyotarajiwa, nikakisikia nikiwa bado nje ya mlango mkubwa. Kilianzia chini, kikapanda ngazi, na kule juu mtu akaanza kucheka naye. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kitasa. Nikautoa. Jua lilikuwa kali na bahasha zilikuwa nzito, na walinzi waliniuliza kama mlango umekwama. Niliwaambia hapana, napumzika kidogo. Nilisimama pale mpaka kilipokwisha chenyewe, ndipo nikaingia.